Mfamasia akipewa kalamu: sheria mpya za famasi zinaruhusu nini hasa

Kila bunge linapogusa sheria ya famasi, kelele huja za aina mbili. Wapo wanaotangaza kwamba foleni ya hospitali imekwisha, kuanzia sasa unaandikiwa dawa hapo hapo dirishani. Wapo wanaolia kwamba wauza dawa wamefanywa madaktari na wagonjwa ndio watakaoumia. Pande zote mbili kwa kawaida zimesoma kichwa cha habari na kuishia hapo. Muswada wenyewe huwa umebeba mambo matatu au manne tofauti, yamefungwa fungu moja, na watu hubishana kana kwamba ni jambo moja. Tulifungue fungu hilo.

Kwanza, watu wenyewe. Mfamasia ni mtaalamu aliyesomea dawa chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne hadi sita, akafanya mafunzo kazini chini ya uangalizi, akafaulu mitihani, kisha jina lake likaandikwa kwenye daftari la taaluma. Fundi dawa sanifu amesoma muda mfupi zaidi na hufanya kazi chini ya usimamizi wa mfamasia. Anayekupokea dirishani anaweza kuwa mmoja wa hao wawili, au akawa mhudumu aliyeajiriwa kupokea fedha na kupanga maboksi. Sheria huwatenganisha kwa ukali. Sisi wateja tunawaita wote "wa famasi", na nusu ya mkanganyiko huanzia hapo. Kifungu kinaposema mfamasia anaweza kufanya jambo fulani, hakimgusi kila aliyevaa koti jeupe nyuma ya kaunta.

Pili, karatasi zao. Usajili maana yake jina lako limo daftarini, una elimu inayotakiwa. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi kwa kipindi maalumu, na lazima ihuishwe. Upeo wa kazi ni mipaka ya yale ambayo mwenye leseni anaruhusiwa kuyafanya. Fikiria leseni ya udereva: kuwa nayo ni jambo moja, na daraja lililoandikwa ndani yake ni jambo jingine. Mwenye daraja la gari dogo akikamatwa na basi lililojaa abiria ana kosa hata kama analiendesha kwa ustadi. Akitaka basi, anarudi kusoma na kupimwa, na akishapata daraja hilo bado hajawa rubani. Habari nyingi za "wafamasia waruhusiwa kuandika dawa" ni habari za kuongezewa daraja, na daraja hilo mara nyingi halimwangukii kila mwenye leseni siku hiyo hiyo.

Kuna pia kibali cha jengo, ambacho ni cha famasi kama mahali, na usajili wa dawa zenyewe kabla hazijaruhusiwa kuuzwa. Famasi inaweza kufungiwa kwa sababu jokofu halifanyi kazi wakati leseni ya mfamasia wake haina doa. Uingereza inaonyesha vizuri jinsi mamlaka hizi zinavyogawanywa. Hadi mwaka 2010 chombo kimoja, Royal Pharmaceutical Society of Great Britain, kilikuwa kikitetea wafamasia na wakati huo huo kuwasimamia na kuwaadhibu. Mwaka huo kazi ya usimamizi ikahamishiwa chombo kipya, General Pharmaceutical Council, na ile jumuiya ya zamani ikabaki kuwa sauti ya taaluma. Uhalali wa dawa sokoni uko mikononi mwa chombo kingine kabisa. Kwa hiyo ukisikia "bodi imesema", uliza ni bodi ipi: inayosimamia watu, majengo au bidhaa, au ni chama cha wanataaluma kinachotoa maoni yake tu.

Mabadiliko ya leseni yenyewe huwa hayapigiwi kelele, ingawa yanamgusa mfamasia kuliko yote. Marekani, kwa mfano, ilipandisha kiwango cha kuingia kwenye fani hadi shahada ya udaktari wa famasi, na wanafunzi wa shahada ya zamani walimalizika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko leseni hutolewa na kila jimbo, hivyo anayehama jimbo huhamisha leseni, na majimbo mengi humtaka afanye mtihani wa sheria za kule anakokwenda. Dhana kwamba kuhuisha leseni ni kulipa ada tu nayo imepitwa. Nchi nyingi sasa hudai ushahidi wa elimu endelevu kabla ya kukuongezea muda, na anayeshindwa kuonyesha anaweza kuondolewa daftarini. Mtaalamu aliyefaulu mtihani miaka 25 iliyopita na hajasoma kitu tangu hapo ni hatari, tena hatari zaidi akipewa madaraka mapya. Ndiyo maana sheria zinazopanua upeo wa kazi kwa kawaida hukaza pia masharti ya leseni. Magazeti huchukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Sasa tuje kwenye upeo wa kazi, palipo na vurugu.

Kwa karne nyingi, katika nchi nyingi, mgawanyo ulikuwa huu: daktari anapima na kuandika dawa, mfamasia anakagua alichoandikiwa mgonjwa na kutoa dawa. Kukagua si kazi ndogo. Mfamasia anatazama kipimo, mzio, umri, ujauzito, na dawa nyingine anazomeza mgonjwa, na akiona kasoro anampigia daktari simu. Sheria mpya zinaongeza kazi juu ya hapo, kwa hatua.

Hatua ya chini kabisa ni chanjo. Nchini Marekani majimbo yote 50 yalikuwa yamewaruhusu wafamasia kuchanja kwa namna moja au nyingine kufikia mwaka 2009. Ireland ilifuata mwaka 2011, na Ufaransa ikaruhusu chanjo ya mafua kwenye famasi nchi nzima mwaka 2019. Leo hata madaktari wengi hawaoni la kubishia hapo, ingawa walibisha wakati wake.

Hatua inayofuata ni kuendeleza dawa ambazo daktari alikwisha kuziandika. Mtu wa shinikizo la damu ambaye hali yake imetulia, cheti kimeisha, daktari hapatikani wiki hii: mfamasia anamwongezea dawa ile ile. Denmark tangu mwaka 2019 imewaruhusu wafamasia waliopata mafunzo maalumu kufanya hivyo, tena kwa pakiti ndogo kabisa iliyopo, ili mgonjwa asikose dozi lakini pia asije akamsahau daktari wake. Hapa mfamasia hapimi ugonjwa mpya. Anaziba pengo.

Juu ya hapo ni magonjwa madogo kwa kufuata itifaki, yaani maelekezo ya matibabu yaliyoandikwa tayari. Hiki ndicho kinachowachanganya watu, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Mnamo Januari 31, 2024 England ilianzisha huduma inayoitwa Pharmacy First. Ni magonjwa saba tu: maumivu ya koo, maambukizi ya sinasi (matundu ya hewa yaliyo karibu na pua), maambukizi ya sikio, mkanda wa jeshi, vidonda vya ngozi vya impetigo, kidonda cha kung'atwa na mdudu kilichopata maambukizi, na maambukizi mepesi ya njia ya mkojo kwa wanawake. Kila kimoja kina uzio wake. Maambukizi ya mkojo ni kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64, na mjamzito haruhusiwi kutibiwa kwa njia hiyo. Sikio ni kwa wenye umri wa mwaka mmoja hadi 17. Mkanda wa jeshi ni kwa watu wazima. Dawa ambayo mfamasia anaweza kutoa imeandikwa tayari kwenye maelekezo yaliyosainiwa na daktari na mfamasia kwa niaba ya mfumo wa afya, pamoja na kipimo chake na dalili ambazo zikionekana tu, mgonjwa lazima apelekwe kwa daktari. Ontario, jimbo la Kanada, ilifanya jambo la namna hiyo mwaka mmoja kabla: magonjwa madogo 13 Januari 2023, yakafika 19 Oktoba mwaka huo huo.

Mwenye kuona hapo "mfamasia amekuwa daktari" hajaangalia uzio. Kazi ngumu ya daktari ni kukutana na mtu mwenye homa na uchovu usio na jina na kutafuta chanzo kati ya mamia ya uwezekano. Itifaki haimruhusu mfamasia kuingia huko. Inamwambia: huyu akiingia kwenye kisanduku hiki, tibu hivi, asipoingia, mpeleke mbele.

Hatua ya juu ni kuandika dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Uingereza ilianza mwaka 2003 kwa kumruhusu mfamasia aliyefuzu kuandika ndani ya mpango wa matibabu aliokubaliana na daktari, kisha mwaka 2006 ikaruhusu uandishi huru, bila mpango huo. Mitaala ikabadilishwa ili wafamasia wanaosajiliwa kuanzia mwaka 2026 wawe na sifa hiyo tangu siku ya kwanza. Alberta, huko Kanada, ilifungua mlango mwaka 2007, lakini kwa tabaka: wafamasia waliopo kazini wanaweza kurekebisha au kuendeleza dawa, wakati kuanzisha dawa mpya kunahitaji kibali cha ziada kinachoombwa kwa kuwasilisha ushahidi wa kazi halisi ambazo mfamasia amewafanyia wagonjwa. Na hata huko, kuanzisha dawa za kulevya zinazodhibitiwa kumebaki nje, kwa kuwa ziko chini ya sheria ya shirikisho ambayo jimbo haliwezi kuigusa. New Mexico nchini Marekani ilikuwa na sheria ya wafamasia wanaoandika dawa tangu mwaka 1993. Jambo hili si geni kama linavyotangazwa.

Mpaka hapa utauliza: kama mipaka iko wazi hivi, ugomvi ni wa nini?

Ugomvi husemwa kwamba ni wa elimu. Madaktari husema wafamasia hawakufundishwa kupima mwili. Wafamasia hujibu kwamba hakuna anayejua dawa kuwazidi. Wote wana ukweli, na hoja hiyo ina tiba: mafunzo, mtihani, itifaki. Kwa maoni yangu, swali zito limekaa pembeni na halitajwi vya kutosha. Ni hili: je, mtu anayepata faida kwa kuuza dawa aruhusiwe kuamua kwamba unaihitaji?

Swali hilo lina umri mrefu. Katika karne ya 13 mfalme Frederick II, aliyetawala Sicily, alitoa sheria iliyotenganisha madaktari na watengenezaji dawa na kuwakataza kushirikiana kibiashara. Hofu yake ilikuwa kwamba anayeandika na anayeuza wakila sahani moja, mgonjwa ndiye atakayelipa. Karibu na enzi zetu, Korea Kusini ilitenganisha kazi hizo mbili kwa sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka 2000. Kabla ya hapo daktari aliuza dawa alizoandika, na mfamasia alitoa dawa bila cheti cha mtu. Sheria ilipokuja, madaktari waligoma, na moja ya sababu ilikuwa kwamba faida ya dawa ilikuwa sehemu ya mapato yao. Kumbe si wafamasia peke yao wenye mkono kwenye droo ya fedha. Mgongano wa maslahi hufuata kalamu popote inapokwenda.

Kwa hiyo sheria mpya zinazompa mfamasia kalamu zinarudisha hatari ambayo sheria za zamani zilikusudia kuizuia. Hilo halizifanyi kuwa mbaya. Linatuambia tu mahali pa kutazama tunapozisoma. Chama cha madaktari cha Australia kilitaja hoja hiyo kilipopinga majaribio ya Queensland yaliyoanza mwaka 2020, ambapo wafamasia waliruhusiwa kutoa antibayotiki kwa wanawake wenye maambukizi ya njia ya mkojo. Majaribio yalipita na huduma ikawa ya kudumu, ila hoja yenyewe haikuwa ya kijinga.

Sheria makini huikabili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvunja uhusiano kati ya malipo na dawa. Pharmacy First ilipoanza, famasi ililipwa pauni 15 kwa kila mgonjwa aliyefanyiwa tathmini hadi hatua iliyowekwa, iwe ameondoka na dawa au na ushauri tu. Ontario nayo hulipia tathmini, hata kama hakuna dawa iliyoandikwa. Mfamasia anayelipwa kwa kusema "hii itapona yenyewe, kunywa maji na upumzike" ana sababu ya kusema hivyo inapostahili. Njia ya pili ni kutenganisha mikono: miongozo ya Uingereza inataka kwa kawaida anayeandika dawa asiwe yeye yule anayeitoa, ili pawe na jicho la pili. Muswada ukiwapa wafamasia madaraka ya kuandika na usiseme lolote juu ya nani analipia muda wao, hapo mimi ningeshtuka, kuliko ningeshtuka kwa urefu wa orodha ya magonjwa.

Malipo yana sura nyingine pia. Sheria inaweza kukuruhusu kazi na isimlazimishe yeyote kukulipa. Ndivyo ilivyokuwa Marekani kwa miaka mingi: majimbo yanapanua upeo wa kazi wa wafamasia, huku Medicare, bima ya serikali ya shirikisho kwa wazee, haiwatambui kama watoa huduma wanaoweza kudai malipo ya ushauri. Mgonjwa anasoma kwamba famasi sasa inaruhusiwa, anafika, anaambiwa huduma hiyo haitolewi. Famasi haijavunja sheria. Imepiga hesabu.

Na kuna wanaofika mapema mno. Muswada kupita bungeni si mwisho wa safari: kuna kusainiwa, kuna tarehe ya kuanza kutumika, na kuna kanuni ambazo waziri au baraza la taaluma hulazimika kuziandika, zinazosema ni dawa zipi, mafunzo gani, fomu ipi. Québec, jimbo jingine la Kanada, ilipitisha sheria yake ya kuongeza kazi za wafamasia Desemba 2011, nayo ikaanza kutumika Juni 2015. California ilipitisha ya kwake mwaka 2013, lakini wanawake walianza kuandikiwa na wafamasia vidonge vya uzazi wa mpango Aprili 2016, baada ya kanuni kukamilika. Katika kipindi hicho cha kati mfamasia anayefanya alichokisikia kwenye taarifa ya habari anafanya kosa, na leseni yake iko hatarini.

Dhana nyingine inayohitaji kunyooshwa ni kwamba sheria hizi zinahalalisha antibayotiki za kujinunulia. Mahali ambapo mtu yeyote anaingia, anataja jina la kidonge na kukipata, tatizo ni utekelezaji wa sheria ya zamani, na sheria mpya ya upeo wa kazi haijagusa hilo. Kinachoruhusiwa na sheria mpya ni kinyume chake: tathmini, vigezo, dawa iliyotajwa, muda uliotajwa, na kumbukumbu iliyoandikwa. Hofu kwamba kumbukumbu hizo zitapuuzwa na usugu wa vimelea dhidi ya dawa uongezeke ni hofu halali, na ndiyo sababu dawa hizo huwekewa uzio mkali kuliko nyingine.

Kumbukumbu ndizo pia zinazoamua kama haya yote yana usalama. Mwezi Julai 2022, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaruhusu wafamasia kuandika Paxlovid, dawa ya kutibu Uviko-19, kwa masharti: wapate rekodi za afya za miezi 12 iliyopita zenye vipimo vya figo na ini, pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa. Bila hizo, mgonjwa apelekwe kwa daktari. Sababu ni kwamba dawa hiyo hugombana na dawa nyingi za kawaida, na kipimo chake hutegemea hali ya figo. Mfamasia ndiye hasa anayejua migongano hiyo, lakini ujuzi bila rekodi haumsaidii kitu. Famasi ambayo haiwezi kuona faili la mgonjwa wala kumtumia daktari wake taarifa ya kilichotolewa itakuwa imepewa madaraka na kunyimwa macho.

Limebaki la wajibu. Zamani dawa ikimdhuru mgonjwa, swali lilikuwa kama daktari aliandika vibaya au mfamasia alitoa vibaya. Mfamasia anapoandika kwa uamuzi wake, jibu la kwanza linamhusu yeye: bima yake ya kitaaluma ndiyo inayoitwa, baraza lake ndilo linalomhoji, na jina lake ndilo linaloweza kufutwa daftarini. Anapofuata itifaki iliyosainiwa na wengine, wajibu hugawanyika, waliosaini wakiulizwa kuhusu maelekezo na yeye akiulizwa kama aliyafuata. Baadhi ya wafamasia, kwa kulijua hilo, wamechagua kutoomba kibali cha ziada hata pale sheria inapowaruhusu, hasa wale wanaofanya kazi peke yao zamu nzima, simu inalia, watu watano wamesimama dirishani na hakuna chumba cha faragha cha kumkalisha mgonjwa.